Ruta ya kooperative iko kwa jina la nani?

Wandugu wanakooperative, msimu uliopita wa kahawa tulipanda kwa kooperative moja ya teritware ya Kalehe, kwenye vilima vinavyotazama Ziwa Kivu. Walituita juu ya intaneti. Walikuwa wamechanga pesa, wakanunua ruta ndogo ya 4G, ile inayotumia kadi SIM, wakalipa mega za mwezi mzima. Wiki mbili zikapita bila mtu kuweza kutuma hata picha moja. Wengine walikuwa tayari wanasema muuzaji amewaibia.

Tuliomba kuonyeshwa ruta. Mama kesiye akatoa funguo, akafungua kabati ya chuma wanamoweka daftari za mizani na sanduku ya pesa. Ruta ilikuwa mule ndani, taa zinawaka vizuri, waya wa umeme umepitishwa kwenye tundu la nyuma. Waliifungia kwa kuogopa wezi. Tulicheka kidogo, naye pia akacheka. Chuma kinazuia mawimbi ya simu, na depo yenyewe imeezekwa mabati: ruta ilikuwa imefungwa mara mbili.

Dawa ya hiyo ni rahisi. Ruta iwekwe juu, karibu na dirisha linaloelekea mnara wa simu, mbali na mabati na vyuma. Kama hamjui mnara uko upande gani, jaribuni dirisha moja moja. Ndani ya ruta kuna ukurasa unaoonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba yenye alama ya kutoa mbele, kama -85 au -110. Isomeni sawa deni: deni dogo ni afadhali. -85 ni nzuri, -100 inafanya kazi, -115 ni taabu. Pale Kalehe tulitoka -117 ndani ya kabati tukafika -94 kwenye dirisha la ofisi. Kwa wezi, fundi wa mbao alitengeneza kisanduku chenye kufuli. Mbao hazizuii mawimbi sana.

Lakini kazi haikuishia pale, na hapa ndipo tulipopata shida yenyewe.

Ili kuhamisha ruta tuliizima. Tulipoiwasha tena, ikaomba PIN ya kadi SIM. Hakuna aliyeijua. Kadi ilinunuliwa na kijana mmoja aliyekuwa anawasaidia na kompyuta, ikasajiliwa kwa jina lake na kitambulisho chake, na PIN akaiweka mwenyewe. Kijana huyo alikuwa ameacha kazi na kwenda kwenye machimbo. Papa prezida alijaribu 0000, halafu 1234. Tukamshika mkono. PIN unaikosea mara tatu tu, kisha kadi inajifunga na kuomba namba nyingine ndefu inayoitwa PUK. Ukiikosea PUK mara kumi, kadi imekufa. Na kampuni ya simu haimpi PUK wala kadi mpya mtu mwingine isipokuwa yule ambaye jina lake limeandikwa.

Siku ile mnunuzi wa Bukavu alikuwa anangoja orodha ya mashamba. Mnajua tayari habari ya sheria ya Umoja wa Ulaya, ile namba 2023/1115: kahawa inayoingia kule ni lazima ionyeshe ilitoka shamba gani, na kwamba msitu haukukatwa pale baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kuanza kwa sheria kumeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wanaomba namba hizo tangu sasa. Kwa shamba lisilozidi hekta 4, na kwetu karibu yote ni hayo, inatosha nukta moja: latitudo na longitudo, zenye tarakimu sita baada ya nukta. Vijana wa kooperative walikuwa wamepita shamba kwa shamba na simu, mvua na jua. Kazi yote ilikuwa ndani ya kompyuta, na mlango wa kuitolea ulikuwa PIN ya mtu aliyekuwa mbali, simu yake haipatikani.

Alipiga simu usiku. Ni kijana mwema, alisema PIN bila matata, akauliza hata habari za kahawa. Orodha ilienda asubuhi. Lakini angekuwa ameachana nao kwa ugomvi, au amepoteza simu, tungekuwa tunasema mengine.

Basi tulikaa na kamati siku ya pili, tukaanza upya, na tunawaandikia hapa tulivyofanya.

Kwanza kadi. Nchini mwetu kila kadi SIM ni lazima isajiliwe. Prezida aende kwa wakala wa kampuni ya simu na hati za kooperative, aombe isajiliwe kwa jina la kooperative. Wakala akikataa, isajiliwe kwa jina la prezida, na PV ya mkutano iandike wazi kwamba kadi ni mali ya kooperative na kwamba prezida akibadilika, kadi nayo inabadilishwa jina. PIN ya kadi mnaweza kuiondoa kabisa. Ingizeni kadi katika simu ya kawaida, mfungue sehemu ya usalama, mzime kuombwa PIN. Ruta ikizimika umeme usiku, itajiwasha yenyewe asubuhi bila kuuliza kitu.

Halafu ruta yenyewe. Geuzeni chini: kuna karatasi imebandikwa, ina jina la wifi, neno la siri, na anwani kama 192.168.8.1 au 192.168.1.1. Unganisheni simu na wifi hiyo, mwandike anwani ile mahali pa kuandikia anwani za intaneti. Ukurasa wa ruta utafunguka, hata kama hakuna mega. Utaomba neno la siri la msimamizi, mara nyingi limeandikwa palepale chini. Mambo ya kufanya mule ni machache. Badilisheni neno la msimamizi. Badilisheni neno la wifi, lisiwe jina la kijiji wala namba ya simu ya prezida. Usalama uwe WPA2. Kama intaneti haiji na mawimbi yako mazuri, tazameni APN: ni jina la mlango wa kampuni ya simu, kila kampuni iko na lake. Ruta nyingi zinalijua zenyewe, lakini ile iliyonunuliwa ya mtumba inaweza kuwa bado na APN ya nchi nyingine.

Neno la msimamizi likisahaulika, kuna kitundu kidogo nyuma. Bonyezeni kwa sindano karibu sekunde 10, taa zikizimika na kuwaka tena, ruta imerudi kama ilivyotoka dukani. Kwa kadi SIM hakuna kitundu cha namna hiyo.

Wenye ofisi mjini wanaoletewa intaneti kwa waya: waya huo unaingia kwenye tundu lililoandikwa WAN, mara nyingi lenye rangi yake, siyo yale ya LAN. Hapo fundi hutia jina na neno la siri la mkataba. Yaandikeni pia kwenye daftari lenu. Mara nyingi fundi anaondoka nayo kichwani.

Mega sasa. Pale Kalehe, wifi ilipoanza kufanya kazi, mega za siku tano ziliisha kwa siku moja. Neno la wifi lilikuwa limefika hadi kwa vijana wa kiwanja cha mpira. Lakini siyo wao tu: simu ikiona wifi inafikiri ni bure, inaanza kupakua programu mpya na video za WhatsApp yenyewe. Zimeni kupakua kwa peke yake katika kila simu inayoingia, na kwenye kompyuta ya Windows wekeni alama kwamba muunganisho huo unapimwa. Orodha ya mashamba 300 ni nyepesi kuliko picha moja ya simu. Kinachokula ni video.

Umeme. Ruta nyingi ndogo zinaomba 12 V na 1 A, somweni kwenye kichwa cha chaja. Kwa saa 10 za kazi ni 10 Ah, tena hapo tumehesabu juu. Batri ya risasi ya 50 Ah haitakiwi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo mnatumia 25: siku mbili za mawingu bila taabu. Mkiiacha iwake usiku kucha inakula 24, na siku moja ya mvua inawamaliza. Musiifunge moja kwa moja kwenye batri: sola ikichaji, volti inapanda kupita 14. Mafundi wa sola wako na kifaa kidogo kinachoishikilia kwenye 12. Antena za satelaiti, ambazo wengi mnatuuliza, zinakula umeme mara kadhaa kuliko ruta hii. Hesabuni batri kabla ya kuhesabu bei.

Na radi. Kabare, jirani yetu, ni kati ya mahali duniani panapopigwa radi mingi zaidi. Mkisikia ngurumo, chomoeni waya wa umeme, na waya wa antena ya nje kama iko. Kuzima kwa kifungo hakutoshi.

Tuliporudi mwezi uliofuata, kadi mpya ilikuwa kwa jina la kooperative. Maneno ya siri yako katika bahasha mbili zilizofungwa, moja kwa mama kesiye ndani ya kabati ile ya chuma, nyingine kwa kamati ya ukaguzi. Kijana wa machimbo wamemuomba aje siku moja kuwafundisha wasichana wawili wa depo. Amesema atakuja, wamlipie tu pikipiki.