Chaga ya Mbao na Afya ya Mtumiaji: Maana ya Alama za HT na MB

Kizota ni eneo la viwanda na maghala katika jiji la Dodoma, na huko ndiko yaliko maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Mahali pa namna hii chaga ya mbao ni kifaa cha kila siku: magunia hupangwa juu yake yasiguse sakafu yenye unyevu, na mashine kutoka ng'ambo huwasili zimefungwa juu yake. Inapochakaa, chaga haitupwi. Hugeuzwa benchi, kitanda, banda la kuku au kuni. Hapo ndipo kanuni ya biashara ya kimataifa inapoingia katika afya ya familia.

Kanuni hiyo ni ISPM 15, iliyopitishwa mwaka 2002 chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Ulinzi wa Mimea. Iliwekwa kwa sababu mbao mbichi za vifungashio zilikuwa zikivusha wadudu na magonjwa ya miti kutoka bara moja hadi jingine. Mwaka 1996 mbawakavu wa Asia mwenye papasi ndefu aligunduliwa New York, na maelfu ya miti ikalazimika kukatwa. Tanzania ya kati inalijua fundisho hilo kwa njia nyingine. Dumuzi, ambaye wakulima walimwita pia Scania, asili yake ni Amerika ya Kati. Alibainika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akala mahindi ghalani, na hata mbao huzitoboa.

Kwa mujibu wa kanuni hiyo, mbao nene kuliko milimita 6 hutolewa magome na kutibiwa kabla ya kuvuka mpaka. Plaiwudi na mbao nyingine zilizotengenezwa kwa gundi, joto na shinikizo hazihusiki. Mbao zilizotibiwa hupigwa muhuri wenye suke la ngano, herufi mbili za nchi (TZ kwa Tanzania), namba ya mtengenezaji na alama ya tiba. Shehena isiyo na muhuri yaweza kutibiwa upya, kuteketezwa au kurudishwa ilikotoka. Nchini, msimamizi wa afya ya mimea ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020.

Kwa mtumiaji wa kawaida, sehemu muhimu ya muhuri ni alama ya tiba. HT humaanisha joto: kiini cha ubao kimefikishwa nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, bila kemikali. MB humaanisha ufukizo wa methili bromidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ya kutambulika kwa urahisi, ambayo hudhuru mapafu na mfumo wa fahamu. Kwa kuwa huharibu pia tabaka la ozoni, Itifaki ya Montreal iliizuia katika matumizi mengi, ila ikaachia ufukizo wa karantini. Umoja wa Ulaya uliacha kuitumia mwaka 2010.

Hatari kubwa zaidi humkabili mfukizaji na kibarua anayefungua kontena lililofukizwa kabla halijapitishiwa hewa. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini. Kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona ukungu na kushindwa kutamka vizuri huweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Degedege huweza kufuata. Hakuna dawa mahususi ya kuiondoa sumu hiyo mwilini. Mgonjwa atolewe penye hewa safi, avuliwe nguo zilizoathirika, afikishwe hospitali mapema, na mganga aelezwe ni shehena gani iliyofunguliwa.

Kwa upande wa nyumbani, chaga yenye alama ya MB, au isiyo na muhuri, isitumike kutengenezea kitanda cha mtoto, meza ya chakula wala kuni za kupikia. Hata ile ya HT ichunguzwe. Muhuri huthibitisha kwamba wadudu wameuawa. Hauelezi kama chaga ilibeba viuatilifu au kumwagikiwa mafuta njiani. Ubao wenye madoa au harufu ngeni uachwe, hata ukitolewa bure.