Somo la Kando Chuoni Lina Faida Gani?

Natumaini mmekwisha kaa, na kila mtu ana daftari na kalamu yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya: SOMO KUU, na chini yake, SOMO LA KANDO. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya leo.

Huenda wewe unayenisikiliza una mtoto chuoni. Umeuza ng'ombe, au umekopa katika ushirika, ili umlipie karo. Uliambiwa anasomea uhasibu. Amekuja likizo, umefungua daftari lake, na kwa kuwa siku hizi unajua kusoma, umeona ameandika habari za mashairi ya Kiswahili. Moyo umeshtuka. Wajiuliza, "Je, fedha zangu zinapotea?" Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu.

Kwanza tufahamu maana ya maneno yetu. Somo kuu ni lile lililompeleka mwanafunzi chuoni, ambalo anatumaini litampa kazi. Somo la kando ni lile analosoma pamoja nalo, ingawa si la kazi hiyo. Vyuo havifanani. Katika vyuo vingi vya Uingereza, mwanafunzi huchagua fani yake mapema, na karibu masomo yake yote huwa ya fani hiyo. Katika vyuo vingi vya Marekani, shahada ya kwanza huchukua miaka 4, na mwanafunzi hutakiwa kusoma pia mambo ya nje ya fani yake. Wa sayansi husoma historia, na wa historia husoma sayansi.

Sasa sikilizeni mfano wa mtu ambaye wengi wenu mmesikia jina lake, Wangari Maathai. Alizaliwa mwaka 1940 karibu na Nyeri, nchini Kenya. Mwaka 1960 alikwenda Marekani kusoma katika chuo cha Mount St. Scholastica, mjini Atchison, jimbo la Kansas. Somo lake kuu lilikuwa biolojia, yaani elimu ya viumbe vyenye uhai. Kando yake alisoma kemia, na tena alisoma Kijerumani. Msichana wa Nyeri, aliye Marekani, anasoma Kijerumani! Kama ungalikuwa mzazi wake, ungalisema nini?

Alipata shahada ya kwanza mwaka 1964, na ya pili mwaka 1966 katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Akarudi Nairobi, akapata kazi chuoni chini ya profesa mmoja Mjerumani, Reinhold Hofmann, katika idara iliyofundisha maumbile ya viungo vya wanyama. Mwaka 1967 profesa huyo alimhimiza aende Ujerumani kuendelea na masomo. Akaenda, akasoma mjini Giessen na mjini Munich. Sisemi kwamba Kijerumani peke yake kilimfungulia mlango. Alifunguliwa na biolojia yake. Lakini alipoingia, lugha ya nyumba ile haikuwa ngeni kwake. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari mjini Nairobi, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki na ya Kati. Baadaye alianzisha kazi ya kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki mwaka 2011.

Najua mmoja wenu atasema, "Bwana mwalimu, wazee walisema mshika mbili moja humponyoka." Methali hiyo ni ya kweli. Lakini mtazameni mkulima apandaye kunde kati ya mistari ya mahindi. Yeye hakushika mbili. Shamba lake ni la mahindi, na jirani wote wajua hivyo. Kunde zampa mboga kabla ya mavuno, tena zarutubisha udongo. Ila akizibananisha mno, mahindi hudhoofika. Somo la kando ni kunde hizo.

Turudi kwa mwanao, mhasibu wa kesho. Siku moja atasimama mbele ya wanachama wa ushirika kueleza mapato na matumizi. Akijua hesabu tu, bila kujua kuzieleza, wanachama watatoka mkutanoni wasijue fedha zao zimekwenda wapi. Lugha aliyoisoma katika mashairi itamfaa siku hiyo. Mimi mwenyewe nilisomea ualimu, lakini nilijiandikisha pia katika darasa la kuweka hesabu za biashara. Wenzangu walinicheka. Leo sehemu ya kazi yangu ni kukagua daftari za fedha za madarasa ya watu wazima, na sihitaji kuamini tu niambiwalo.

Basi usimgombeze mwanao. Muulize mambo matatu. La kwanza: je, katika somo lako kuu unafaulu vizuri? Kama sivyo, na aweke la kando chini mpaka apone. La pili: je, somo hilo lina karo ya ziada? Kama lipo la ziada, mzungumze kwa wazi. La tatu: kwa nini umelichagua? Akijibu, "Kwa sababu ni rahisi kufaulu," hapo una haki ya kukunja uso.

Nanyi pia, ndugu zangu, mlikuja darasani ili mjue kusoma barua zenu. Mwalimu akitangaza darasa la afya au la ufugaji wa kuku, msiseme, "Hilo silo lililonileta." Hakuna ajuaye mlango utakaomkabili kesho.

MASWALI YA DARASA

1. Wangari Maathai alisoma masomo gani ya kando?
2. Mwalimu amelinganisha somo la kando na mmea gani? Kwa nini?
3. Wewe ungependa kujifunza jambo gani lisilo la kazi yako? Andika sentensi tatu.

Kwaherini, na tuonane katika somo lijalo.