Kamango: Fumbo la chui, mbuzi na sombe bado linatoa watu jasho

Mtu amefika kwenye mto Semuliki, njia ya Mbau–Kamango, akiwa na chui, mbuzi na fungu la sombe. Mtumbwi unabeba yeye na kitu kimoja tu. Chui akibaki na mbuzi, atamla. Mbuzi akibaki na sombe, ataimaliza. Avuke vipi?

Fumbo hili ni la zamani. Ulaya liko katika mkusanyiko wa Kilatini unaohusishwa na mwalimu Alcuin wa York, aliyefariki mwaka 804, huko likiwa na mbwa mwitu na kabichi.

Kinachoshinda watu si hesabu, maana safari ni saba tu. Mbuzi anatangulia, hilo wengi wanaliona. Kisha anavushwa chui, na hapo wanakwama: lazima mbuzi arudishwe alikotoka. Kichwa kinakataa. Nani anarudisha alichokwisha kuvusha? Lakini akirudishwa, sombe inavuka, halafu mwenyewe anakuja kumchukua.

Waila wa Zambia wana lao gumu zaidi, lililotajwa na mwanahisabati Mmarekani Marcia Ascher: chui, mbuzi, panya na kikapu cha mahindi. Halina njia bila kuacha kimoja. Mwenyewe, anayewaona wanyama wake kama watoto, anaamua kutovuka.

Wakaaji wa Kamango hawakupata nafasi ya kuamua hivyo. Julai 2013, waasi wa ADF waliposhambulia, watu zaidi ya 60,000 walikimbilia Bundibugyo, Uganda. Mifugo na mashamba vikabaki nyuma.