Padi ya Michezo kwa Mkono Usiokunja Vidole

Kidhibiti cha michezo ya video, ambacho wengi hukiita padi, huundwa kwa kudhani kwamba mtumiaji ana mikono miwili yenye nguvu na vidole gumba vyepesi. Mtu aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya shingo, au mwenye mtindio wa ubongo huachwa nje, hata kama macho na akili yake vinaumudu mchezo barabara.

Jitihada za kumwingiza si za leo. Mwaka 1989 Nintendo ilitoa kidhibiti cha kuvaliwa kifuani: mchezaji aliongoza kijiti kwa kidevu, akavuta au kupuliza hewa mrijani badala ya kubonyeza vitufe. Baada ya hapo, wengi walitegemea mafundi wachache waliotengeneza kifaa kimoja kimoja kulingana na mwili wa mnunuzi. Kazi yao ilikuwa nzuri, lakini ghali, kwa kuwa gharama yote ya ubunifu ilimwangukia mtu mmoja. Hata sasa QuadStick, kiendeshwacho kwa mdomo, huuzwa kwa mamia ya dola.

Soko lilibadilika Septemba 2018, Microsoft ilipoanza kuuza Xbox Adaptive Controller kwa takriban dola 100. Usoni kina vitufe viwili vikubwa. Thamani yake imo mgongoni, penye matundu 19 ya milimita 3.5. Tundu hilo ndilo la swichi ambazo vituo vya utengamao vimezitumia kwa miaka mingi katika vifaa vya mawasiliano. Basi swichi imsaidiayo mgonjwa kuzungumza yaweza pia kumchezesha mpira. Sony ilifuata Desemba 2023 kwa kidhibiti cha Access, chenye vifuniko vya vitufe vinavyobadilishwa.

Bei hizo, hata hivyo, ni za mwanzo tu. Swichi hununuliwa kando, na vishikio vya kuzifunga kwenye kiti cha magurudumu vina gharama yake. Ndiyo maana tunashauri tathmini ya mtaalamu wa tibakazi itangulie ununuzi. Kinachotafutwa si msogeo wenye nguvu kuliko yote, bali ule ambao mgonjwa aweza kuurudia kwa nusu saa bila kuchoka wala kuamsha mkazo wa misuli. Mara nyingi huwa ni wa kichwa, goti au kiwiko. Asiyehisi ngozi yake akaguliwe baada ya kila kipindi, kwani kitufe kigumu chaweza kuleta kidonda cha mgandamizo.

Mwenye fedha kidogo aanze na swichi moja. Xbox huruhusu vidhibiti viwili vifanye kazi kama kimoja: mgonjwa hupiga shuti kwa swichi yake, na ndugu aliye kando humkimbiza mchezaji kwa padi ya kawaida. Kila msogeo mpya unapoimarika, swichi nyingine huongezwa, na ndugu hupunguziwa kazi.