Wageni hawajui kucheza? Hivi ndivyo MC anavyoweza kuwainua ukumbi mzima

Keki imeshalishwa, muziki umefunguliwa, MC anatangaza: "Sasa wote katikati!" Wanainuka watu kumi, wale wale wa kamati. Waliobaki wanakaa vitini, simu mkononi. Wengi wao hawajakataa kucheza, wanaogopa tu kukosea mbele za watu.

Kwa kumbi za Miyuji, jijini Dodoma, hali hii si ajabu. Kata hii ndiyo yenye Chuo cha Mipango, na tangu Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, watu wa kila mkoa wamekuja kuishi na kufanya kazi mjini. Meza moja ya harusi inaweza kuwa na Mgogo, Mrangi, Mchaga na Msukuma. Ngoma anayoijua huyu, yule hajawahi kuicheza.

Kinachohitajika ni mtu wa kuita hatua. Kazi hiyo ina kanuni zake, na MC yeyote anaweza kujifunza.

Anza na kwaito

Kwaito ni muziki uliozaliwa Afrika Kusini miaka ya 1990. Kwenye harusi za Tanzania, jina hilo limebaki kwa uchezaji wenyewe: watu wanajipanga mistari, wanapiga hatua zilezile kwa pamoja, wanageuka, wanaanza upya. Mwaka 2020 dunia nzima iliona uchezaji wa aina hiyo kupitia wimbo Jerusalema wa Master KG na Nomcebo.

Uzuri wake kwa anayeanza ni kwamba hahitaji mwenza wala hahitaji kujua kabila la wimbo. Akikosea, anamwangalia jirani, anaingia tena.

Ita kabla, siyo wakati ule ule

Hili ndilo kosa linaloharibu mambo mara nyingi. MC anasema "geuka!" pale pale watu wanapotakiwa kugeuka. Mstari wa mbele unawahi, wa nyuma unachelewa, watu wanagongana.

Hatua nyingi za kwaito huhesabiwa kwa nane. Basi neno litoke kwenye hesabu ya saba, ili mwili uwe tayari moja ikifika. Na liwe neno fupi: "mbele", "rudi", "geuka". Sentensi ndefu inamezwa na spika.

Kuna mtego mwingine. MC akiwatazama wageni, kulia kwake ni kushoto kwao. Dawa ni kuacha kabisa kulia na kushoto, na kutumia vitu ambavyo kila mtu anaviona: "upande wa keki", "upande wa mlango", "kuelekea meza kuu".

Dakika tatu bila muziki

Huko Uskoti, kwenye sherehe za ngoma za jadi ziitwazo ceilidh, anayeita hatua huwapitisha watu kwanza kwa kutembea, kabla ya muziki kuanza. Njia hiyo inafaa hata Dodoma:

1. DJ anazima muziki. MC anaonyesha hatua tatu au nne tu, zisizidi hapo.
2. Wote wanazitembea polepole mara mbili, huku wakihesabu kwa sauti.
3. Wanaojua wanasambazwa kwenye pembe nne. Mistari ikigeuka, waliokuwa nyuma wanakuwa mbele, na lazima hapo pawe na mtu wa kuigwa.
4. DJ anaweka wimbo wa mwendo wa wastani. Ule wa kasi unasubiri.
5. MC anaita hatua zote kwa mizunguko mitatu ya mwanzo, kisha ananyamaza. Akiendelea kupiga kelele, watu wanamsikiliza yeye badala ya muziki.

Bibi harusi naye asisahaulike. Kabla ya "geuka" ya kwanza, msimamizi wake awe ameshaishika gauni kwa nyuma, maana mguu mmoja tu wa mgeni unaweza kuichana.

Ngoma ya Kigogo haichezwi ovyo

Familia nyingi za hapa zinataka pia ngoma ya nyumbani. Wagogo wana utajiri mkubwa wa muziki. Marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa mkoa wa Dodoma aliyefariki 2003, aliufikisha mbali kwa zeze na marimba, na albamu yake Chibite ilitolewa na kampuni ya Real World ya mwanamuziki Peter Gabriel mwaka 1996.

Hapa MC anatakiwa apunguze maneno, kwa sababu ngoma hizi tayari zina mwitaji wake. Mwimbaji mmoja anaanzisha, kundi linaitikia. MC akiita hatua juu ya sauti yake, anavuruga ngoma.

Kwa mgeni asiyejua, mlango rahisi ni kuitikia. MC awafundishe wageni kiitikio kimoja na namna ya kupiga makofi, kisha mabega, na miguu iwe ya mwisho. Salamu ya "Mbukwenyi!" inatosha kuamsha ukumbi kabla ya kukabidhi kipaza sauti kwa kikundi.

Muheme unahitaji uangalifu zaidi. Ni ngoma inayopigwa na wanawake wakiwa wameibana ngoma mapajani, na asili yake imefungamana na jando na unyago. Siku hizi huchezwa hadharani, lakini siyo kila wimbo wake ni wa kuimbwa mbele ya wakwe na watoto. Kamati iwaulize mapema kina bibi wa familia: wimbo upi unafaa, na nani aongoze.

Wazee wapewe nafasi yao

Mzee wa miaka sabini hawezi kuzungushwa kwa kasi ya vijana, na kumburuta mkono mbele za watu ni kumdhalilisha. MC atenge wimbo mmoja wa taratibu, awaite wazee kwa heshima, na vijana wawafuate nyuma. Asiyeweza kusimama apige makofi alipo, naye amecheza.

Cha kuuliza kwenye kikao

Kamati nyingi hujadili bei ya MC na muda wa kufunga ukumbi tu. Waongeze maswali mawili: je, MC amekutana na DJ kupanga nyimbo? Na ni akina nani wanne watakaosimama kwenye pembe? Majibu yakiwepo kabla ya siku yenyewe, hata aliyekuja kula pilau tu ataondoka jasho likimtoka.