Tai Anaumia Laivu na Hakuna Anayemsaidia? Risto Iko Hivi

Machi 2025 nilikuwa kejani Roysambu, bando inakaribia kuisha, naangalia kiota cha tai huko Big Bear, California, laivu kwa YouTube. Usinicheke. Jackie na Shadow ni kapo inayofuatwa kuliko maselebu wengi unaowajua. 2024 Jackie alikalia mayai matatu wiki baada ya wiki, na hakuna hata moja lililoanguliwa. Mwaka uliofuata vifaranga watatu wakatoka, tukafurahi kama ni watoto wetu.

Halafu katikati ya mwezi dhoruba ya theluji ikapiga. Kwao usiku, kwetu mchana. Ilipotulia, walikuwa wamebaki wawili.

Niliskia uchungu, siwezi danganya. Swali langu lilikuwa kama lako: si hawa wasee wa kamera wangepanda tu wamfunike yule mdogo?

Sasa fikiria. Kiota kiko juu ya mti, karibu mita 44. Mtu akipanda usiku, Jackie anaruka anahepa, na wale wawili aliokuwa amewafunika wanabaki kwa baridi. Ungeenda kuokoa mmoja upoteze wote. Pia sheria ya Marekani inakataza kusumbua kiota cha tai. Na tai hutaga zaidi ya yai moja kwa sababu si kila kifaranga hufika. Ni noma, lakini ndio maisha yao. Wale wawili, Sunny na Gizmo, waliruka kutoka kiotani Juni.

Lakini mambo hubadilika kama makosa ni yetu sisi binadamu. Dawa ya wadudu ya DDT ilifanya maganda ya mayai yawe membamba, mama akikalia yanavunjika. Kufikia 1963, Marekani bila Alaska ilikuwa imebaki na kama jozi 417 za tai hao. DDT ikapigwa marufuku 1972, na 2007 tai akatolewa kwa orodha ya wanyama walio hatarini. Binadamu aliharibu, binadamu akarekebisha.

Huku kwetu tuko na furukombe, yule wa kichwa cheupe unayemsikia akipiga kelele pale Lake Naivasha. Yeye na tai wengine wana shida zetu za kujitakia. Mabawa yakigusa nyaya mbili za stima mara moja, anachomeka. Mfugaji akiwekea simba sumu kwa mzoga, tumbusi na tai wanakula na wanadedi pia.

Hapo ndio kuna kazi ya wagonjwa. Kenya Bird of Prey Trust wana vituo Naivasha na Soysambu. Mfupa uliovunjika unafungwa. Manyoya ya bawa yakikatika, yanaunganishwa na mengine yaliyoanguka kwa ndege mwingine. Kisha ndege anapelekwa kwa kizimba kirefu afanye mazoezi ya kuruka, juu mwezi wote amelala na misuli imelegea. Hazoeshwi watu. Tai akianza kukuona beshte, huko nje hatakaa sana.

So ukipata tai ameumia, fanya hivi:

- Mrushie leso au jaketi ifunike kichwa. Giza humtuliza.
- Chunga kucha, sio mdomo tu. Kucha ndizo hushika na kuua.
- Muweke kwa katoni yenye matundu, mahali hakuna kelele.
- Usimpe chakula wala maji, hata ukimwonea huruma.
- Pigia KWS mara moja. Kukaa naye kejani bila kibali ni kesi, hata kama nia yako ni safi.

Na ukikuta kifaranga mzima kiotani, mama ameenda kuwinda? Rudi nyuma, angalia ukiwa mbali. Hiyo ndio ngumu zaidi, niamini. Mimi nilikaa na simu mkononi siku hiyo ya theluji, na kazi yangu ilikuwa kuangalia tu.