Mbwa Anapokohoa Kambarage

Kiangazi kikikaza hapa Kambarage, Shinyanga, mbwa akikohoa tunalaumu vumbi. Huenda ni kweli. Ila vumbi haliambukizi: mbwa wa jirani naye akianza kukohoa siku chache baadaye, ujue kuna ugonjwa umehama ua.

Mara nyingi ni kikohozi cha kuambukiza cha mbwa, kinacholetwa na bakteria wa Bordetella na virusi kadhaa. Mbwa hukohoa kikavu, kama aliyekwamwa na mfupa kooni, lakini anakula na kucheza, na kwa kawaida hupona ndani ya wiki tatu. Mtenge na wenzake, mlegezee ukanda wa shingo. Watoto wa mbwa ndio wa kuangaliwa zaidi, maana kwao kinaweza kugeuka nimonia.

Ninachokihofia mimi ni distempa. Kirusi chake ni ndugu wa surua, na ndugu wa sotoka iliyofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890. Huanza na homa, tongotongo, makamasi mazito na kikohozi. Kirusi huangusha kwanza chembe nyeupe za damu, walinzi wa mwili. Walinzi wakishaanguka, bakteria huingia mapafuni bila kizuizi. Kuhara hufuata. Kisha, pengine wiki kadhaa baadaye, mwenye mbwa akidhani amepona, ubongo unaguswa: misuli inatetemeka, taya zinatafuna hewa, mbwa anaanguka kifafa. Hapo majirani husema ni kichaa cha mbwa. Siwalaumu, kwa macho tu ni vigumu kuyatofautisha maradhi haya mawili. Kwa hiyo mbwa wa namna hiyo asishikwe. Aitwe ofisa mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Kifafa hichohicho kilionekana kwa simba wa Serengeti mwaka 1994. Kati ya simba wapatao 3,000, takriban 1,000 walikufa, na uchunguzi ukaelekeza kwa mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Baadhi ya vijiji hivyo viko Bariadi na Meatu, wilaya ambazo wakati huo zilikuwa bado ndani ya mkoa wetu wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu, zilikohamia, ulizaliwa 2012. Miaka iliyofuata vifo vya simba hao, mbwa wa vijiji hivyo walichanjwa na ugonjwa ukapungua kwao, ingawa simba waliendelea kuambukizwa, ishara kwamba kirusi kilikuwa kinazunguka pia kwa wanyama wengine wa porini.

Nyumbani kwetu tatizo ni jingine. Mtu anakuambia mbwa wake "kachanjwa", kumbe alichanjwa kichaa tu. Chanjo hiyo ni ya lazima, lakini haizuii distempa hata kidogo. Ya distempa huanza mtoto wa mbwa akiwa na wiki sita hadi nane, ikarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka atimize wiki 16. Kurudia huku si ujanja wa muuzaji: kinga aliyonyonya kwa mama yake huiua chanjo kabla haijafanya kazi, na hakuna ajuaye kwa hakika siku ambayo kinga hiyo itakwisha. Tena ni chanjo yenye kirusi hai kilichodhoofishwa, hivyo joto la Shinyanga huiharibu upesi. Dukani, hakikisha chupa imetoka kwenye friji, na uibebe kwenye barafu mpaka kwa daktari.